Pacha Wawili, Kadi Mbili na Prosesa Niliyoitetea

Juzi mlinialika chuoni kwenu, nyinyi mnaojifunza ufundi wa kompyuta hapa Migori, na kijana mmoja wa safu ya nyuma akaniuliza, "Mzee Chacha, prosesa ya zamani inaweza kuzuia kadi mpya ya picha kwa gemu?" Nilicheka mpaka nikavua miwani. Mwalimu wenu akadhani swali ni la kipuuzi, akataka kulipita. Halikuwa la kipuuzi hata kidogo. Nilicheka kwa sababu swali hilohilo liliwahi kunifanya niwagombanishe ndugu wawili waliolala tumbo moja. Kipindi kilikuwa kimekwisha, ndiyo maana nimeamua kuwaandikia.

Jibu fupi ni kwamba ndiyo, huizuia, kwa kadiri ya gemu lenyewe. Anayetaka la kufungia daftari, afunge. Lakini jibu hilo fupi hata mimi nilikuwa nalo siku ile, na halikunisaidia kitu.

Mimi ni Mkuria wa Ntimaru. Nilikuja Migori nikiwa kijana mwembamba, nikajifunza redio kwa Mzee Owuor, Mjaluo mwenye vidole vinene ambavyo usingeamini vingeweza kushika waya mwembamba kama nywele. Tulielewana kwa Kiswahili, maana Dholuo changu kilikuwa cha kuombea chai, na Kikuria chake kilikuwa cha matusi tu. Alinifunza mambo mengi, lakini sheria yake ilikuwa moja: "Usilaumu kitu kabla hujakihamisha." Ukishuku betri, itoe uitie kwenye redio nyingine iliyo nzima. Ikifa na huko, hapo sasa ilaumu. Kabla ya hapo, funga mdomo.

Mwezi wangu wa pili kazini, mzee mmoja mfugaji alitoka Ogwedhi na redio yenye sauti ya kunong'ona. Nikaitazama kidogo tu nikatangaza kwamba spika imekufa. Nikatia mpya. Ikaendelea kunong'ona. Mzee Owuor akaichukua ile spika niliyoihukumu, akaiunga kwenye redio yake ya ukutani, ikaimba mpaka jirani akachungulia. Kisha akaingiza kidole nyuma ya wavu wa redio ya mteja, akavuta kitambaa cha kanga kilichoshindiliwa kikashindilika. Kumbe mke wa mfugaji ndiye aliyekitia, kwa kuwa bwana wake alikuwa akisikiliza habari kila mama alipotaka kuzungumza. Mzee Owuor akakirudisha kitambaa palepale. "Redio yako haina ugonjwa," akamwambia mteja. "Enda nyumbani uongee na mama kwanza."

Kwa hiyo msidhani sikufundishwa. Nilifundishwa vizuri sana. Kusahau ndiko kulikuwa kwangu.

Redio zikapungua, kompyuta zikaingia, nami nikahama nazo. Nilianza na zile za mezani zilizochoka maofisini, zinazokuja zimetumika. Nikajifunza kwamba vumbi letu jekundu ni adui kuliko virusi. Mashine ikizima yenyewe baada ya dakika kumi, usikimbilie kununua kitu. Toa kifuniko, shika feni kwa kidole isizunguke, safisha kwa brashi ya rangi iliyo kavu, paka dawa mpya ya kupitisha joto juu ya prosesa, kiasi cha punje ya mtama na si zaidi. Nimewahi kutoa manyoya ya kuku ndani ya mashine ya mwalimu mkuu. Kuku mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni ananitazama kama mwenye nyumba.

Kila mashine niliyoiunganisha niliiandika jina langu ndani ya kifuniko kwa kalamu ya wino mzito: Chacha. Mteja hakuliona. Nililiona mimi tu kila niliporudi kuifungua, na niseme kweli, lilinipendeza. Kalamu hiyo ndiyo iliyoniponza.

Sasa niwajulishe wenye kisa. Kule Macalder, kwenye machimbo ya dhahabu, kuna mama tunayemwita Min Opiyo, yaani mama yake Opiyo. Amewalea watoto wake kwa kuosha mchanga wa dhahabu. Binti yake mkubwa, Akinyi, ni muuguzi ng'ambo. Wanaofuata ni pacha, wanaume wazima sasa: Opiyo, aliyetangulia kuzaliwa, ni mwalimu Homa Bay, na Odongo, aliyemfuata, ana duka la simu hapa Migori. Kwa Wajaluo, pacha hupewa sawa. Ukimnunulia mmoja shati la buluu, mwenzake naye ni la buluu, hata kama amenenepa na hapendi buluu. Min Opiyo alikuwa mkali sana kwa hilo. Aliniambia kwamba walipokuwa wadogo hata kofi aliligawa.

Kazi ilipowatenganisha, walitafuta njia ya kubaki pamoja. Familia yao ni ya Kisabato, kwa hiyo Jumamosi ni ya kanisa. Lakini Jumapili alasiri, Opiyo kule kwake na Odongo huku kwake, walikuwa wakiwasha kompyuta na kushindana magari kwa mtandao. Simu iko sikioni, wanachekana, wanaulizana habari za wake na watoto katikati ya kona. Huyu akishinda leo, yule anashinda wiki ijayo. Wakimaliza walimpigia mama yao kwa pamoja, wote wawili kwenye laini moja. Jumapili yao ilikuwa hivyo miaka na miaka.

Kompyuta ya Opiyo niliiunganisha mimi. Ilikuwa ya ofisini, imara kama ng'ombe wa plau, ila prosesa yake ilikuwa ya zamani. Odongo alinunua yake Kisumu, mpya kiasi. Hakuinunua kwangu, na hilo liliniuma, ingawa nilimwambia nimefurahi kwa ajili yake.

Akinyi akawatumia zawadi: kadi mbili mpya za picha, za aina moja, maboksi yaleyale, mpaka utepe wa gundi ulikuwa wa rangi moja. Kwa ambao bado hamjafika sura hiyo, kadi ya picha ndiyo inayochora kile unachokiona kwenye skrini, na prosesa ndiyo inayoipa maagizo ya kuchora nini: gari hili liko hapa, lile limegonga, yule mtazamaji anapunga mkono. Mzigo uliletwa kwa Odongo dukani. Akafungua maboksi yote mawili kuhakikisha hakuna kilichovunjika, akabaki na moja, la pili nikalipeleka mimi mwenyewe Homa Bay nikaitia kadi kwenye mashine ya Opiyo. Picha zilikuwa tamu ajabu. Nikanywa chai, nikarudi kwangu nimeridhika.

Baada ya Jumapili tatu, Opiyo akanipigia.

"Fundi, hii kadi iko na shida. Magari ikikaribiana kwa kona, picha inakwama. Ya Odongo inateleza tu. Amenishinda wiki tatu mfululizo, na anacheka."

"Mashine yako ni nzima," nikamwambia. "Niliiunganisha kwa mkono wangu."

"Sasa ni kadi?"

Hapo, vijana wangu, ndipo nilipotakiwa kufunga mdomo. Nilijua kadi mbili za aina moja kwenye mashine mbili tofauti haziwezi kukimbia sawa. Nilijua wingi wa magari ni mzigo wa prosesa. Lakini kusema hivyo kulikuwa ni kusema kwamba mashine ya Kisumu imeipita mashine yenye jina langu. Nikasema, "Ni kadi. Bila shaka ile mbovu ndiyo iliyokuangukia wewe."

"Zilipitia kwa Odongo. Alifungua zote mbili."

"Basi muulize Odongo," nikasema, nikakata simu, nikaendelea na ugali wangu.

Ulimi hauna mfupa. Opiyo alimwuliza kweli, tena vibaya. Alimshtaki ndugu yake kwamba alijaribu kadi zote mbili akajichagulia nzuri. Kwa watu wengine hilo lingekuwa neno la kukasirikia siku mbili. Kwa pacha waliogawiwa kila kitu sawa tangu tumboni, ilikuwa ni kumwita mwenzako mwizi. Odongo akamjibu kwamba hana ndugu anayemfikiria hivyo. Jumapili iliyofuata hakuna aliyewasha kompyuta, wala ile iliyofuata.

Mimi sikujua. Aliyeniletea habari ni Min Opiyo mwenyewe. Aliingia kibandani kwangu asubuhi, viatu vyake vina tope kavu la Macalder, akakaa kwenye kiti cha wateja bila kukaribishwa.

"Chacha, ni wewe ulisema kadi ya Opiyo ni mbaya?"

"Nilisema inaonekana hivyo, Mama."

"Uliona wapi? Ulitoka hapa ukaenda Homa Bay ukaiona?"

Nikaokota bisibisi, nikaiweka tena mezani.

"Yawa, Chacha," akasema, yaani jamani, sasa kwa sauti ya chini. "Tangu hawa watoto watoke kwangu, wananipigia pamoja. Jana Opiyo amenipigia peke yake. Halafu Odongo akanipigia peke yake. Kila mtu anauliza kama nimekula, hakuna mtu anauliza mwenzake ako aje. Nimezeeka. Nikienda, hawa watabaki na nani kama hawana kila mmoja?"

Akalia. Mimi nimefanya kazi na watu maisha yangu yote, nimeona wateja wakilia kwa sababu ya picha za harusi zilizofutika, lakini sikuwahi kumliza mtu kwa kinywa changu. Niliona aibu ambayo hata sasa, nikiandika, naisikia usoni.

"Wewe na hao wawili mtakuja kwangu Jumapili," akasema, akijifuta kwa pindo la leso yake. "Wabebe hizo mashine zao. Kama kadi ni mbaya, niione ni mbaya."

Kwa mama kama huyo hakuna anayekataa. Jumapili nikafika Macalder na mfuko wangu wa bisibisi. Pacha walikuwa wamefika, mmoja kila upande wa meza, mashine zao juu ya kitambaa cha mezani cha kufuma. Walisalimiana kupitia kwangu. "Fundi, mwambie asogeze waya wake," anasema mmoja. "Fundi, mwambie waya si wake peke yake," anajibu mwingine, ilhali wamekaribiana kiasi cha kugusana magoti.

Nikafanya kile ambacho Mzee Owuor angekifanya tangu mwanzo. Nikazima stima, nikagusa chuma cha mashine nijitoe umeme wa mwilini, nikang'oa kadi zote mbili, nikazihamisha. Ya Odongo nikaitia kwa Opiyo, ya Opiyo kwa Odongo. Tukawasha. Gemu lile lile, barabara ile ile, magari yaleyale.

Kwa Odongo, kadi iliyosingiziwa ubovu iliteleza kama samaki. Kwa Opiyo, kadi iliyosemwa nzuri ilikwama kwenye kona ileile.

Nikaonyesha na namba, nanyi muishike dawa hii. Washa kile kipimo kinachoonyesha kila kitu kinafanya kazi kiasi gani. Kadi ikiwa imejaa mpaka pomoni, kadi ndiyo kikomo chako. Lakini kwa Opiyo kadi ilikuwa inafanya nusu ya kazi tu, inasinzia, huku prosesa inatweta. Tena punguza ukubwa wa picha uone: kama mwendo hauongezeki, shida haiko kwenye kadi.

Wote watatu wakanitazama. Ningeweza kusema maneno mengi ya kitaalamu wasiyoyaelewa, na wangeniamini. Mafundi wengi tumejificha humo. Nikatoa kifuniko cha mashine ya Opiyo, nikawaonyesha jina langu ndani.

"Kadi hazina kosa," nikasema. "Odongo hana kosa. Prosesa niliyotia mimi ndiyo inayochelewesha. Nilijua, na sikutaka kusema, kwa sababu mashine ni yangu. Nisameheni."

Kisha Min Opiyo akacheka, kicheko cha mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Si mngeniuliza mimi! Hii ni kazi ya machimbo. Kuna mtu wa kuponda mawe na kuna mtu wa kuosha. Mimi naosha, na mkono yangu ni mwepesi, mnajua. Lakini kama mwenye anaponda amechoka, nitaosha nini? Nitakaa na maji yangu nikingoja. Hata ulete muoshaji mwingine mpya kutoka Ulaya, atakuja kukaa na mimi hapo tungoje pamoja."

Miaka yote ya ufundi, sijasikia mtu akilieleza vizuri zaidi. Mkisahau yote niliyoandika, shikeni la mama huyu: kabla ya kununua muoshaji, tazameni anayeponda.

Opiyo alikuwa ameinamisha kichwa. "Omera," akamwambia, yaani ndugu yangu, "nilikukosea. Nilikuita mwizi."

"Uliniita," Odongo akasema. "Na mimi nikasema sina ndugu. Hiyo nayo ilikuwa uongo." Akamsogezea ule waya.

Nikaanza kutibu. Si kila dawa ni ya kununua. Nikapunguza magari barabarani na umati wa watazamaji, kwa sababu hao ni mzigo wa prosesa. Ung'avu wa rangi na vivuli nikavipandisha juu, kwa sababu hivyo ni kazi ya kadi, nayo ilikuwa imekaa bure. Nikafunga programu zilizokuwa zikila nguvu chinichini. Mwisho nikaweka kikomo cha fremu, yaani idadi ya picha zinazochorwa kila sekunde: sitini, zisipande wala zisishuke. Mwendo wa wastani ulio thabiti ni bora kuliko wa kasi unaokwamakwama. Gari la Opiyo likapita ile kona kimya, na mama yao akapiga kigelegele kidogo bila kujua kilichotokea hasa.

Nilipokuwa nakusanya bisibisi, Odongo akaniambia, "Fundi, ya kwangu nayo uifunge sitini."

"Yako inafika mia na ishirini! Mtu hanunui kadi kubwa akaifunga kamba."

"Sikuinunua. Tulipewa, mimi na yeye." Akaangalia upande wa mama yake. "Ifunge tu."

Kifundi, ulikuwa ni ujinga. Nikaifunga, na macho yangu yalikuwa yamelowa kiasi kwamba nilibonyeza pasipostahili mara mbili. Jioni ile nilitaka kulifuta jina langu ndani ya kifuniko, lakini Min Opiyo akanizuia mkono. "Wacha ikae," akasema. "Mtu akikosea kwa nyumba yangu, jina lake linabaki."

Miaka ikapita. Pacha wakaendelea na Jumapili zao kwa sitini kwa sitini, na mama akaendelea kupigiwa simu na sauti mbili. Vidole vyangu vikaanza kutetemeka, na fundi ambaye skrubu zinamwanguka kila mara anajua kinachofuata. Kazi yangu ya mwisho niliichagua mwenyewe. Opiyo alikuwa amepata prosesa mpya pamoja na ubao wake wa kuichomekea, nikamwomba aningoje, asimwite mwingine. Nikaenda Homa Bay. Nilichukua siku nzima kwa kazi ya saa mbili. Opiyo alinishikia tochi, na kila skrubu ilipodondoka aliiokota akanirudishia bila kusema neno. Ile prosesa ya zamani nilimwomba nibaki nayo. Ninayo hapa mezani ninapoandika, na haina ubaya wowote, ilifanya kazi yake yote kwa uaminifu.

Tulipowasha, mashine iliruka. Nikampigia Odongo, nikaweka simu kwenye sauti ya wote.

"Odongo, ndugu yako sasa ana nguvu kama zako. Ondoa kile kikomo cha sitini. Huna haja tena ya kumngoja."

Nilidhani atashangilia.

"Hapana, fundi," akasema. "Mfungulie Opiyo kwanza. Yeye ndiye alitangulia kutoka tumboni."

Nikasogeza kiti, nikampisha Opiyo abonyeze mwenyewe. Namba kwenye kona ya skrini ikapanda, ikapita sitini, ikapita mia. Akaitazama, akavuta pumzi, akainamia simu.

"Nimetoka, omera," akasema. "Kuja."

"Nakuja," akajibu Odongo.